Uji wa Njano

1

Kidonge kilikuwa cha tegu. Nilikitambua mara Daktari Kihwelo alipokiweka kiganjani mwangu: kipana, kikubwa kuliko koo la mtoto, kimepakwa ganda jeupe. Nilipewa hicho hicho nikiwa mdogo, baada ya nyama ya nguruwe ya sikukuu kwa shangazi yangu kule Lupembe. Baadaye nikakigawa mwenyewe kwa watu, maana nina diploma ya famasi na nilikaa dirishani kwenye zahanati mpaka binti yangu Lusungu alipoota uvimbe shingoni.

"Daktari, hii ni sembazini," nikasema. "Dawa ya tegu."

"Ilikuwa ya tegu. Mratibu ameipatia kazi ya pili."

Nyuma yangu Baba Jengela akacheka. Alikuwa mwanaume pekee kati yetu sisi wauguzaji sita, mjane, fundi wa matofali, na hakuwa na adabu sana kwa mtu yeyote.

"Watoto wana saratani, wewe unatuletea dawa ya minyoo ya nguruwe. Na nguruwe wakiumwa minyoo mnawapa nini, dawa ya saratani?"

Tulicheka wote, hata daktari. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka wote sita tukicheka kwa pamoja.

Dawa mpya hazikutufikia tena. Huko zinakotengenezwa, kila mgonjwa anatengenezewa ya kwake kutokana na damu yake, na damu yetu haikuwamo kwenye mipango yao. Sisi tulibakiwa na Ghala: mapipa ya dawa za zamani, za minyoo, za presha, za kifafa, za malaria, ambazo hakuna kiwanda kilichokuwa kikizitengeneza tena. Mratibu ni mashine iliyopewa kazi ya kuyapekua mapipa hayo. Tulimzungumzia kama mtu kwa sababu alikuwa anaamua kama mtu. Alichukua kipande cha uvimbe wa mtoto, akakikatakata, akakilea kwenye sinia lenye vishimo vingi kama sega la nyuki, na kila kishimo akakidondoshea dawa moja ya zamani. Kisha akaangalia uvimbe umekufa kwenye kishimo kipi.

Kwenye sinia la Lusungu ulikufa kwenye kishimo cha tegu. Kwenye masinia ya wale watano wengine hali kadhalika. Ndiyo maana tulikutanishwa wodi moja, Njombe, kwenye baridi ile, kila mtoto na sweta lake na uvimbe wake shingoni.

"Watatu watapata sembazini," Daktari Kihwelo akaeleza. "Watatu watapata kidonge kinachofanana nayo, lakini ndani ni chokaa. Nani anapata kipi, mimi sijui, manesi hawajui. Anajua Mratibu peke yake. Wanaopata dawa wakionyesha nafuu na wengine wasionyeshe, dawa inafunguliwa kwa kanda nzima, na hawa watatu wa chokaa wanakuwa wa kwanza."

"Na wasipotofautiana?" nikauliza.

"Inafungwa. Ikifungwa, imefungwa."

Akamalizia na lile alilokuwa hapendi kulisema, nilimwona akitazama viatu vyake. Atakayevuruga kipimo anapoteza kitanda. Kila mmoja wetu alijua maana yake. Nje ya wodi ya majaribio hapakuwa na kitanda kingine cha saratani, na mofini ya maji, ile dawa pekee iliyowapa watoto usingizi, ilitolewa kwa mwenye kitanda tu.

"Tumeelewa?" akauliza.

Tukaitikia kama darasa.

2

Jiko la wauguzaji lilikuwa nyuma ya wodi, chini ya mabati. Palikuwa na sehemu sita za kuwashia moto, sisi tukitumia moja. Siku niliyofika, Mama Atupele alininyang'anya unga wangu mkononi bila kuomba, akaumimina kwenye debe lake.

"Hapa hakuna anayepika peke yake, mwenzangu," akasema. "Unaleta ulicho nacho, kinaingia humu. Leo una unga, kesho huna, mtoto wako anakunywa vile vile."

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwili mkubwa, sauti ya sokoni, na sufuria lake lingeweza kulisha msiba. Binti yake Atupele alilala kitanda cha jirani na Lusungu. Wote walikuwa na miaka minane, na ndani ya wiki moja walikuwa wanagombana na kupatana kama waliozaliwa tumbo moja. Kwenye sufuria lile nilikula wakati zahanati ilipokuwa imeshaacha kunilipa. Mama Ombeni, binti mdogo wa watu mwenye mtoto wake wa kwanza, hakuwahi kuja na hata kikombe cha unga, na hakuna aliyemwangalia vibaya. Wale dada wawili kutoka Ludewa walileta viazi. Baba Jengela alileta kuni na maneno.

Droni ya Ghala ilishusha pakiti za dawa uani, karibu na kamba za nguo, kila pakiti na jina la mtoto. Asubuhi iliyofuata tukagundua kitu ambacho mtu yeyote anayelea mtoto angekijua: hakuna mtoto hata mmoja aliyeweza kukimeza kidonge kile. Lusungu alikitapika mara mbili. Ombeni, wa miaka minne, alikitema, akalia mpaka akakosa pumzi.

"Visagwe," nikasema. "Vitiwe kwenye uji. Dawa hii haiharibiki ikisagwa."

Palikuwa na kinu kidogo cha vitunguu saumu. Nikasaga vya Lusungu, nikavimimina kwenye kikombe chake, nikakoroga. Uji ukawa wa njano. Njano kali, kama uliotiwa manjano ya pilau.

Mama Ombeni akasaga vya kwake. Njano. Baba Jengela akasaga vya mwanawe Jengela. Njano.

Dada wa kwanza wa Ludewa akasaga, akakoroga. Uji wake ukabaki mweupe. Wa mdogo wake pia mweupe.

Sote tukawa tunamwangalia Mama Atupele. Alikoroga. Akakoroga tena, akainua kijiko, akakiangalia kwenye mwanga.

"Labda wangu unachelewa," akasema.

Waliovipaka vidonge ganda jeupe ili vifanane walikuwa watu wa akili. Hawakuwahi kukaa jikoni kwetu, basi.

3

Kesho yake nilikuta kinu kimewekwa katikati, juu ya kigoda, kimeoshwa.

"Tuchanganye," Mama Atupele akasema. "Vya watoto wote sita vitwangwe humu, kila mmoja apate kijiko chake. Wote wanywe wa njano."

"Hapana," nikasema.

"Hujanisikiliza hata mwisho."

"Nimesikia. Nusu ya dozi si dozi, Mama Atupele. Uvimbe ukiuonjesha dawa kidogo kidogo unaizoea. Utakuwa umeuchanja, kama unavyomchanja mtoto dhidi ya surua."

"Bibi famasi ameanza," Baba Jengela akasema.

"Na si hilo tu. Mratibu ataona wote wako sawa, ataifunga. Ataifunga kwa watoto wa kanda nzima. Mkivumilia, ikionekana inafanya kazi, Atupele anapewa wa kwanza. Daktari kasema."

"Lini?"

"Baada ya vipimo viwili."

"Nimekuuliza lini. Miezi mingapi?"

"Minne."

Mama Atupele akageuka, akaita kuelekea wodini kwa ile sauti yake. Atupele akaja akishika ukuta, kichwa amekiinamisha upande mmoja kwa sababu uvimbe ulikuwa umekwisha kukisukuma.

"Mwambie yeye," Mama Atupele akaniambia. "Miezi minne. Mwambie."

Nilimtazama yule mtoto. Nikamwambia arudi kitandani, kuna baridi.

Mama Ombeni ndiye aliyeanza. Alifungua pakiti yake huku machozi yanamtoka, akamimina vidonge vya siku ile kwenye kinu. "Nitakaaje hapa," akasema, "mwanangu anakunywa wa njano, nao wananipakulia chakula?"

Baba Jengela alisimama kidogo. Hakuwa na utani. "Tangu mke wangu azikwe nimekula kwenye sufuria la huyu mama," akasema, akimimina. "Mimi siwezi kumwambia kitu."

Wakanigeukia mimi.

Nitasema nilivyofikiri, bila kupamba. Nilifikiri kwamba ule uji wa njano ulikuwa wa Lusungu. Nilifikiri kwamba hata ningekuwa na moyo wa kugawa, ningekuwa nagawa kitu ambacho kikigawanywa kinakuwa si kitu. Unga ukiugawa, kila mmoja anapata kidogo na anaishi. Dawa hii ukiigawa, kila mmoja anapata kidogo na anakufa. Nilijaribu kuwaeleza hivyo. Niliieleza vizuri pia, kama nilivyofundishwa chuoni kueleza wagonjwa, taratibu, kwa mifano. Waliniangalia kama mtu anayesoma tangazo.

Nikachukua pakiti yangu, nikawasha moto wangu kwenye sehemu ya mwisho, karibu na bomba.

4

Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana. Baba Jengela aliacha kuniita bibi famasi, akawa haniiti kitu. Lakini kila asubuhi Mama Atupele alipakua kikombe cha Lusungu kwenye sufuria lake, akakiweka ukingoni mwa ukuta, nami nikakichukua, nikatia dawa. Nilipomwambia asijisumbue, nina unga wangu, hakugeuka.

"Mtoto hana kosa," akasema.

Mwanzoni walifurahi. Uji wao wa njano hafifu uliwalainishia watoto wote uvimbe, hata Atupele akaweza kuinua kichwa. Walimwimbia. Mmoja wa dada wa Ludewa akanipita akisema kwa sauti ya kusikika, "Na wengine wana diploma." Nilitamani awe amesema kweli. Ningevumilia kuchekwa maisha yangu yote.

Baada ya wiki chache uvimbe ulirudi, safari hii mgumu kama kokoto. Nilikuwa nimewaambia, na sikupata raha yoyote kwa kuwa nilikuwa nimewaambia. Ombeni alikwenda haraka. Uvimbe ulimbana koo siku ya Jumapili, mama yake akiwa ameshika kikombe. Tulimsindikiza Mama Ombeni mpaka geti, naye akanikumbatia mimi kama alivyowakumbatia wengine. Hilo lilinishinda kuliko kama angenipita.

Lusungu alikuwa anapona. Shati lake la shule, ambalo alilivaa wodini kwa kiburi, lilikuwa halifungiki kifungo cha juu tangu mwaka uliopita. Asubuhi moja alinijia amelifunga mpaka juu, kidevu kimeinuka.

"Mama, tazama. Kimeingia."

Nilikifungua, nikakifunga tena mwenyewe, kuhakikisha. Kiliingia. Chupa yake ya mofini ilikaa kwenye mkoba wangu karibu imejaa, kwa sababu hakuihitaji tena. Nilimwambia akavae sweta juu ya shati. Sikutaka Atupele akione kile kifungo.

Siku hiyo hiyo mchana Daktari Kihwelo aliniita ofisini kwake. Alikuwa kijana wa Kihehe, mpole, aliyezoea kutusalimu "kamwene" hata akiwa na habari mbaya. Siku hiyo hakusalimu.

"Mama Lusungu, vipimo vya kwanza vimetoka. Waliopewa dawa na wasiopewa hawana tofauti. Wote wameshuka kidogo, wote wamepanda. Isipokuwa Lusungu."

"Lusungu anapona."

"Anapona. Mratibu anasema ni bahati. Mtoto mmoja kati ya sita, kwake hiyo ni bahati. Ijumaa anaifunga sembazini." Akanitazama usoni. "Kuna kitu unafanya tofauti na wenzako?"

Nilimwambia naomba nikamwangalie mtoto, nitarudi.

5

Mimi sijui kufanya kitu nyuma ya mtu. Nilimkuta Mama Atupele amekaa kitandani kwa binti yake, akimfuta kinywa kwa kitambaa. Atupele alikuwa amelala kwa nguvu ya mofini, mdomo wazi, pumzi zinakwaruza. Lusungu alikuwa uani.

"Wanaifunga dawa Ijumaa," nikamwambia. "Nimekuja kukwambia kwamba nitasema. Nitamwambia daktari kwamba mlichanganya."

Hakushtuka. Aliendelea kufuta.

"Ukisema, kitanda hiki kinaondoka."

"Ndiyo."

"Na hii inayomlaza inaondoka."

"Ndiyo."

"Umekuja kuniomba ruhusa au kunitisha?"

"Sijui nimekuja kufanya nini. Nimekuja kukwambia usoni."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya meza.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Lusungu. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana. Niliiona hesabu yote vizuri. Nikinyamaza, Atupele na Jengela na wale wa Ludewa watakufa kitandani, wamelala, na Lusungu naye atakuja kufa kitandani, na dawa inayoweza kuwaponya watoto ambao sijawahi kuwaona itafungwa kwa kosa. Nikisema, wanne watakufa nyumbani, macho, wakilia, na dawa itabaki. Upande mmoja ni wanne ninaowajua majina na vikohozi vyao. Upande wa pili ni wasio na sura, na mmoja mwenye sura ya mama yangu mzazi, aliyefunga kifungo asubuhi ile.

Najua ni yule mmoja aliyenipeleka. Wale wengine niliwapanga nyuma yake ili nisionekane nakwenda peke yangu.

"Ukisema, dawa itabaki?" Mama Atupele akauliza.

"Itabaki. Kipimo kikiharibika kinarudiwa na watoto wengine. Nilisoma hivyo chuoni. Wanaondoa mlioharibu, wanaanza upya, Lusungu anaendelea na yake."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Ulikuwa na uhakika na ile ya kwanza pia," akasema. "Ukawa sahihi." Akamtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Nje Lusungu alikuwa anaimba wimbo wa kuruka kamba, sauti yake nzima, haikwaruzi. "Basi nenda. Mimi ningekuwa na wa njano sijui ningefanya nini. Nenda kabla sijakushika."

6

Nilisema. Daktari Kihwelo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani. Uji, kinu, rangi, kijiko. Hakuuliza kwa nini sikusema mapema. Nilikuwa nimejiandaa na jibu, lakini hakuuliza.

"Kitaanza upya," akasema, akinifariji mimi au nafsi yake. "Ndivyo kanuni ilivyo. Ndivyo inavyotakiwa iwe."

Akabonyeza kitufe mezani, akayasoma maelezo yangu kwa sauti. Ukutani palikuwa na spika ndogo. Sikuwahi kumsikia Mratibu akisema. Alikuwa na sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, Kiswahili safi, haina haraka.

"Taarifa imepokelewa. Wagonjwa watano wameondolewa kwenye kipimo, akiwemo marehemu mmoja. Vitanda vinne vitaachwa wazi leo saa kumi jioni."

"Naomba kipimo kirudiwe," daktari akasema.

"Sembazini iliyopo Ghalani haitoshi kipimo cha pili. Mgonjwa aliyebaki ni mmoja. Mmoja si ushahidi. Sembazini imefungwa."

Nilidhani sikusikia. "Huyo mmoja anapona," nikasema kwa sauti. "Mwangalie. Mwite mpime. Shingo yake mmeipima wenyewe!"

Spika haikuwa inajibu wazazi.

Daktari akarudia maneno yangu, kwa lugha ya kitaalamu. Akaongeza, "Naomba mgonjwa huyu mmoja aendelee kupewa."

"Dawa iliyofungwa haitolewi kwa saratani. Mapipa yaliyobaki, pamoja na pakiti zote zilizoko wodini, yanarudi kwenye matumizi ya awali."

"Tegu," daktari akasema.

"Tegu. Kidonge kimoja kwa mgonjwa, kimezwe mbele ya nesi. Mgonjwa aliyebaki atawekwa kwenye foleni ya kutafutiwa dawa nyingine."

"Basi futa," nikasema. Nilikuwa nimesimama, nimeishika meza. "Daktari, mwambie afute. Sikusema kitu. Nilikuwa na hasira nao, nimewasingizia. Mwambie."

Akamwambia. Alimwambia vizuri, nilimsikia. Akasema shahidi amebadilisha maelezo, ana msongo, haaminiki.

"Taarifa haifutwi," Mratibu akasema. "Daktari, kuna jambo lingine?"

Daktari Kihwelo aliniangalia. Alikuwa analia, kijana wa watu, na mimi sikuwa na chozi.

"Ile foleni," nikamuuliza, "huwa inachukua muda gani?"

"Uvimbe wake utakuwa umerudi," akasema.

7

Wale dada wa Ludewa waliondoka wa kwanza, hawakuniangalia. Baba Jengela alimbeba mwanawe mgongoni, amemfunga kwa khanga ya marehemu mkewe. Alisimama mbele yangu. Nilijua atatema mate, nikawa tayari.

"Imebaki?" akauliza. "Dawa. Imebaki?"

"Haikubaki."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa gari la mwisho limeondoka. "Si ungekaa kimya tu, bibi famasi," akasema, bila hasira, akaenda zake.

Mama Atupele alikuwa jikoni, anaosha sufuria. Alilisugua kwa mchanga ndani na nje, akalifunika chini ya mabati, mahali pake pale pale.

"Si ulichukue, ni lako," nikasema.

"Wanakuja wengine kesho. Watapikia nini?"

Niliingia wodini, nikatoa kwenye mkoba ile chupa ya mofini ya Lusungu. Nikatafuta chupa tupu ya maji, nikaikausha, nikaanza kumimina. Mikono yangu imemimina dawa maisha yote, haitetemeki. Nilimimina mpaka zikalingana, nikazisimamisha sambamba kwenye dirisha kuhakikisha. Nikampelekea Mama Atupele ya kwake.

Aliinusa. Aliijua.

"Nusu?"

"Nusu. Nyingine Lusungu ataihitaji mwenyewe."

"Si ulisema nusu ya dozi si dozi."

"Hii ni tofauti. Hii ukipunguza inafanya kazi kwa kiasi chake. Mpe usiku tu, kijiko kimoja cha chai, usizidishe. Ikikaribia kwisha usimkatie ghafla, punguza kidogo kidogo."

"Inampeleka mpaka lini?"

Nilimwambia. Alihesabu kimoyomoyo, akalinganisha na alivyomwona mtoto wake, nami niliona hesabu yake haikutosha. Aliifunga ile chupa kwenye upindo wa khanga kiunoni, akamwinua Atupele. Lusungu alikuja mbio kutoka uani, akamwambia rafiki yake kwamba akirudi watacheza tena na yeye atakubali kushika kamba. Atupele akasema sawa. Hawakuniaga. Niliwatazama mpaka geti, yule mama wa mwili mkubwa akitembea polepole ili kichwa cha mtoto kisitikisike.

Asubuhi nilikoka moto mahali petu pa zamani. Nilipika kwenye lile sufuria, na kwa kuwa ni kubwa, uji ulifunika kitako chake tu, ukaungua kidogo kabla sijaukoroga vizuri. Nilimpakulia Lusungu. Alikuwa amevaa shati lake, kifungo cha juu kimefungwa.

Alikiangalia kikombe, akanirudishia.

"Mama, umesahau kutia dawa."

"Sijasahau."

"Mbona mweupe?"

"Kunywa," nikamwambia. "Kunywa kabla haujapoa."